Nasaba ya Upande Mmoja

Imeenea katika mwambao wetu wa kusini, tangu Kilwa hata Lindi na Mikindani, rai ambayo watu wengi wameipokea bila ya kuitia katika mizani: kwamba asili ya mtu ni nisba yake, na nisba ikishajulikana hapana haja ya kuuliza zaidi. Mtu akiitwa Shirazi, yatosha. Wazee wake walitoka Uajemi, na habari imekwisha. Na kwa kuwa wafalme wa kwanza wa Kilwa huitwa kwa nisba hiyo, magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara pamoja na misikiti yake, majumba yake na makaburi yake huhesabiwa kuwa kazi ya wageni waliokuja kwa majahazi, wakajenga, wakatawala, kisha wakatoweka na kuwaachia kisiwa watu wengine wasiohusiana nao kwa lolote. Rai hii utaisikia kwa mzee anayeisoma shajara ya ukoo wake kwa fahari, utaisikia kwa kijana anayewatembeza wageni magofuni, na utaisikia kwa mvuvi wa kisiwani, ambaye ukimwuliza habari za kuta zile atakujibu kwamba ni za Washirazi, kana kwamba yeye na wao hawakupata kukutana popote. Watu hawa watatu hawafanani kwa hali wala kwa elimu, walakini wamekubaliana katika jambo moja: kwamba ukoo ni mstari mmoja wa wanaume, na mtu aliyesimama mwanzoni mwa mstari huo ndiye mwanzo wa kila kitu kilichofuata.

Insafu yataka rai hii ielezwe kwa nguvu zake zote kabla ya kujibiwa, maana si upuuzi. Hadithi ya Shirazi haikubuniwa jana. João de Barros, mwanahistoria wa Kireno, aliitia katika kitabu chake kilichochapishwa 1552, akiitegemea tarikh ya wafalme wa Kilwa. Kitabu cha Kiarabu kiitwacho Kitab al-Sulwa chasimulia habari ya baba na wanawe sita waliosafiri katika majahazi saba, na jahazi la sita likatia nanga Kilwa. Watu wa Pemba, wa Tumbatu na wa Visiwa vya Ngazija nao wana masimulizi ya namna hiyo, na msikiti wa Kizimkazi huko Unguja una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, yanayoonyesha ukale wa Uislamu katika pwani hii. Fauka ya hayo, mnamo Machi 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa mabaki ya watu 80 waliozikwa katika miji ya mwambao na mji mmoja wa bara, wakiwamo wa Kilwa, Songo Mnara na Lindi, nao ukathibitisha kwamba wanaume waliotoka Uajemi walikuwa wakichanganyika na watu wa pwani kuanzia karibu na mwaka 1000. Kwa hiyo anayesema kwamba Shirazi ni uongo mtupu uliotungwa na watu wenye kuuonea haya Uafrika wao hana hoja, wala mimi si mwenziwe. Ugomvi wangu ni na yule aichukuaye kweli hii moja akaifanya kweli yote.

Nianze na vitabu vyenyewe, kwani ndivyo vinavyotolewa kwanza kila ubishi unapozuka. Watu huitaja tarikh ya Kilwa kana kwamba ni moja, ilhali ziko tatu, ya Barros, ya Kiarabu na ya Kiswahili, nazo hazipatani hata katika jina la baba wa Ali, mtu anayedaiwa kuuanzisha mji. Barros amwita baba huyo Hocen. Tarikh ya Kiswahili, aliyoitoa Mjerumani Carl Velten katika kitabu chake cha 1907, yamwita Selimani. Sarafu za shaba ambazo wataalamu wamezinasibisha na mfalme huyo zamtaja kuwa ni Ali bin al-Hasan. Kuhusu wakati wa kufika kwake, mwanahistoria Freeman-Grenville alitaja mwaka 957, na Neville Chittick, aliyeyafukua magofu ya Kilwa katika miaka ya 1960, akamsogeza hadi mwishoni mwa karne ya 12. Tofauti yao yapita miaka 200. Shajara inayotiwa muhuri wa yakini na watu wetu imesimama juu ya mwanzilishi ambaye waandishi wake hawajakubaliana baba yake ni nani wala aliishi lini.

Lakini ikhtilafu ya majina ni jambo dogo. Lililo kubwa ni lile alilolieleza Barros kuhusu sababu ya safari yenyewe. Asema kwamba Sultani wa Shiraz aliacha wana saba, na mmoja wao, Ali, alidharauliwa na nduguze kwa sababu wao walizaliwa na mama wa Kiajemi na yeye alizaliwa na mjakazi wa Kihabeshi. Na kwa kuichoka dharau hiyo akaihama nchi. Basi katika masimulizi ya kale kabisa yaliyochapishwa, mtu yule yule anayefanywa chemchemi ya Uajemi ulio safi alikuwa mwana wa mama wa Kiafrika, na alikuja huku kwa kuwa Uajemi ulimkataa. Wenye kuitumia hadithi hii kujitenga na Afrika wameisoma nusu ya kwanza wakaliacha jani la pili bila ya kulifunua.

Tena ziangaliwe zile sarafu. Ni vipande vidogo vya shaba, havina tarehe. Upande mmoja lipo jina la mfalme na la baba yake, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, yaliyotungwa yakapata vina na jina lile. Zimeokotwa kwa wingi Kilwa na Songo Mnara, kwani ndizo zilizokuwa zikipita mikononi mwa watu siku zote. Nisba ya Shiraz haimo. Mfalme aliyetaka kujulikana na kila muuza samaki na kila mnunuzi wa shanga alijiona ametambulika vya kutosha kwa Mola wake na baba yake. Mahali alikotoka babu yake hakukuwa na kazi sokoni.

Hoja ya pili, nayo naiona nzito kuliko zote, inahusu mama. Tarikh ya Kiswahili yasema kwamba mgeni alipofika Kilwa alimkuta mwenye nchi, Mrimba, Mmachinga, pamoja na watu wake. Akamwoa binti yake. Kisha akamwomba mkwe wake ahamie bara na kumwachia kisiwa kwa thamani ya nguo. Habari ya nguo kila mtu anaijua, na watoto huhadithiwa. Inayofuata hupitwa mbio. Mrimba hakumwachia ufalme mume wa binti yake. Alimwachia mjukuu, mtoto aliyezaliwa na binti huyo, alipokwisha kukua na kwenda kumzuru babu yake huko bara. Kwa ushahidi wa tarikh hii, basi, haki ya kuitawala Kilwa ilipita katika tumbo la mwanamke wa Kimachinga, na bila ya yeye yule mgeni angebaki mfanya biashara mwenye nguo nyingi.

Nani katika wenyeji wa kusini atashangazwa na jambo hili? Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua tangu zamani wamehesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye kauli katika mambo makubwa. Kwa watu wa desturi kama hiyo, mjukuu wa Mrimba hakuwa mgeni aliyebahatika kuwa na mama mwenyeji, bali alikuwa mwenyeji ambaye baba yake alitoka mbali. Yule yule kijana, kwa hesabu ya kuumeni, alikuwa Shirazi. Hesabu zote mbili zilikuwa za kweli kwa wakati mmoja, na ufalme ulisimama kwa sababu zote mbili zilikuwa za kweli. Sisi ndio tuliokuja baadaye tukaifuta moja.

Najua nitajibiwa kwamba Uislamu umetuamuru kuwaita watu kwa baba zao. Naam, umeamuru, na amri ile ilihusu watoto wa kulea, ili mtu asinasibishwe na asiye baba yake. Ni amri ya kuilinda kweli ya nasaba, wala haimruhusu mtu yeyote kuuzika upande wa mama. Mwenye kuishikilia amri hii na huku akijipachika nisba ya ukoo uliomlea babu yake, au uliomnunua, ameivunja pale pale anapodai kuitii. Na iko hoja nyingine ambayo sijapata kuisikia ikijibiwa. Nasaba inayoheshimiwa kuliko zote katika mwambao huu ni ya masharifu, na masharifu wote humfikia Mtume kwa Bibi Fatima. Kiungo kinachowafungamanisha naye ni mwanamke, naye ni binti. Nasaba tukufu kuliko zote ikipita kwa mwanamke, kwa hoja gani nasaba ya Kilwa itaona haya kupita kwa binti Mrimba?

Mabaki ya wafu nayo yamekwisha kusema. Uchunguzi ule wa 2023, ambao wenye kuipenda Shiraz waliushangilia, una sehemu ambayo hawakuitangaza: kwamba kwa wengi wa watu waliozikwa katika miji ile ya pwani, zaidi ya nusu ya urithi wa miili yao ulitoka kwa wazee wa Kiafrika, na wengi wa wazee hao walikuwa wanawake. Wanaume walikuja na jina. Wanawake walikuwapo na nchi, na lugha, na mapishi, na jamaa wa kumkinga mgeni asiuawe. Mtoto alijifunza kunena kwa mama yake, na ndiyo sababu Kiswahili, pamoja na maneno yote kiliyoyapokea kutoka ng'ambo, ni lugha ya Kibantu katika mifupa yake, ndugu wa Kimijikenda na Kipokomo. Nasaba inayohesabiwa kuumeni pekee ni jahazi lililoundwa ubavu mmoja.

Tatu, jina laweza kusafiri bila ya damu. Hapa afadhali tuwatazame Waingereza, ambao husifiwa kwa kuhifadhi majina ya ukoo na ambao tangu 1538 kila parokia yao iliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Jina la Sykes lina makao yake ya kale huko Yorkshire. Mnamo 2000 Bryan Sykes, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford, alitoa matokeo ya kuwapima wanaume wa Kiingereza wenye jina hilo, akakuta karibu nusu yao wana alama moja ya urithi wa kuumeni, na waliosalia hawana. Hiyo ni nchi yenye madaftari ya karne nyingi, na nusu ya wenye jina moja hawakutoka kwa babu mmoja.

Sasa jina hilo hilo lifuatwe hadi Dar es Salaam. Kleist Sykes, aliyezaliwa Pangani 1894 na kufariki 1949, ni miongoni mwa waasisi wa African Association ya 1929. Wanawe Abdulwahid na Ally walikuwa katika mstari wa mbele wa watu walioiasisi TANU mnamo 1954. Mtu mwenye kuamini kwamba jina ndilo asili angefunga safari kwenda Yorkshire kuwatafuta wazee wao, akarudi na karatasi nyingi zisizo na hata neno moja la kweli juu yao. Baba yake Kleist alikuwa Sykes Mbuwane, Mzulu aliyetoka upande wa Inhambane huko Msumbiji, akaletwa na Hermann von Wissmann mnamo 1889 katika jeshi la Wajerumani, jeshi lile ambalo Mei 1890 liliziteka Kilwa na Lindi. Jina la Kiingereza, mzee wa Msumbiji, mwajiri wa Kijerumani, imani ya Kiislamu, mji wa Kiswahili: haya yote yalikutana katika vizazi viwili tu, mbele ya macho ya watu walioandika. Ikiwa jina limeweza kufanya hivyo katika miaka 60 iliyo karibu nasi, tunapata wapi ujasiri wa kuapa kwamba kila aliyeitwa Shirazi katika miaka 900 alikuwa na damu ya Shiraz, na kwamba kila asiyeitwa hivyo hakuwa nayo?

Nne, tukitazame kisiwa chenyewe. Mji wa Songo Mnara ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na ukahamwa mapema katika karne ya 16. Ibn Battuta, aliyeizuru Kilwa mnamo 1331, yaani kabla ya kuta za Songo Mnara kusimama, aliandika kwamba wengi wa wakazi wake walikuwa Wazanji weusi wenye chale nyusoni. Na mfalme aliyempokea, al-Hasan bin Sulaiman, hakuwa hata wa nyumba ya Shirazi, bali wa Mahdali iliyokuja kuirithi. Kati ya Ali na mwashi aliyeweka jiwe la kwanza la Songo Mnara vilipita vizazi visivyopungua saba au nane, hata kwa hesabu ya Chittick, ambayo ndiyo inayomleta Ali karibu zaidi. Mtu akirudi nyuma vizazi nane ana nafasi 256 za wazee. Akirudi kumi, 1,024. Rai ninayoipinga yamchagua mmoja katika hao wote, mwanamume, aliyetoka mbali kuliko wengine, na kumwambia mjukuu kwamba huyo peke yake ndiye asili yake.

Ingia sasa katika nyumba moja ya magofu yale. Kuta ni za mawe ya matumbawe ya papo hapo, chokaa yake imechomwa kwa matumbawe hayo hayo, na miimo ya milango imechongwa kwa matumbawe laini yaliyotolewa baharini yangali mabichi. Chumba ni kirefu na chembamba, kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba haukuweza kuupita urefu wa boriti. Mkoko wa Kilwa ndio uliomwamuru fundi, wala hapana agizo lililotoka Uajemi lililoweza kuurefusha. Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, walioanza kufukua pale mnamo 2009, wamekuta kwamba pamoja na nyumba za mawe zilikuwapo nyumba za udongo na fito ndani ya mji huo huo. Na katika uwanda ulio katikati, penye makaburi, wamekuta vijiwe vyeupe na sarafu zilizowekwa kaburini na watu waliokuja kuzuru. Kaburi halizuriwi na wafu. Waliokuwa wakiviweka vijiwe vile walikuwa na mtu wao pale, na walikuwa wakaazi.

Hasara ya rai hii si ya vitabuni peke yake. Mnamo Septemba 1776 Sultani wa Kilwa, Hasan bin Ibrahim bin Yusuf, aliyejiandika kwa nisba ya Shirazi, alifanya mkataba na Mfaransa Morice wa kumpa watumwa 1,000 kila mwaka kwa piastre 20 kila mmoja. Karne iliyofuata Kilwa Kivinje ikawa bandari kuu ya kuwatoa watu hao, hadi Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, alipotia sahihi mkataba wa 1873 wa kuipiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Wayao, Wangindo na Wanyasa walioletwa pwani na kubakishwa hapa walizaa, wakaoa, wakaolewa, wakajenga mitaa na mashamba ya minazi. Wengine wakachukua nisba za mabwana, wengine wakabaki bila ya nisba, wakaambiwa, na wajukuu wao wangali wakiambiwa, kwamba hawana asili. Katika mji ambao nisba ndiyo asili, mtu aliyenyang'anywa jina hunyang'anywa mara ya pili na shajara. Mateso haya ya pili hayakufanywa na Mfaransa. Twayafanya sisi, barazani, kila tunapotamka kwamba fulani ni mtu wa ukoo na fulani hajulikani alikotoka.

Dola za kigeni nazo zilijua kuitumia rai hii. Katika Tanganyika ya Waingereza sheria iligawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, kila upande na mahakama zake na kodi zake. Unguja na Pemba, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, hata mgao wa chakula ulipangwa kwa kabila la mtu. Serikali ikishafungamanisha nisba na mchele, si ajabu watu wakabadili nisba, na anayezisoma sensa za wakati ule kama ushahidi wa damu anasoma orodha ya njaa.

Na hasara iliyo karibu zaidi ni hii: magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mnamo 1981, yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini 2004, yakatolewa humo 2014. Katika miaka hiyo ya hatari, mafundi na vibarua wa hapa walishika mwiko na chokaa kuzizuia kuta zisianguke. Watu hao hao, ukiwauliza, wengi hukwambia kwamba wanalinda mali ya Washirazi. Hapana aliyewaambia kwamba mwanamke wa pwani hii, mwenye lugha yao na desturi yao ya kumhesabu mtoto kwa mama, alilala katika vyumba vile, akazaa humo, akazikwa katika uwanda ule. Na kwamba kwa upande wake, wao ni watu wa nyumbani. Mtu hawezi kukitunza vema kitu alichofundishwa kwamba si chake, na fundisho hilo limetoka kwetu sisi wenye shajara.

Kwa hiyo nawaomba wale wanaoziandika nasaba za koo zao, na najua wako wengi Kilwa, Lindi, Unguja na Maskati, wafanye jambo lililo katika uwezo wao. Mahali palipoandikwa fulani bin fulani, paandikwe na jina la mama, na kabila lake, na kijiji alikotoka, hata kama ni Mmachinga, hata kama ni Mngindo, hata kama aliletwa na kamba shingoni. Bibi wenye kuyakumbuka majina hayo wangali hai katika nyumba nyingi. Waulizwe mwaka huu. Na wale wenye dhamana ya maelezo yanayowekwa mbele ya wageni pale Songo Mnara, kila mahali walipomtaja Ali wa Shiraz, wamtaje na Mrimba na binti yake.